Admini, anza na mjomba wako

Leo siandiki kuhusu programu wala simu mpya. Naandika kuhusu matusi, na mimi ni mmoja wa waliokosea.

Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la wakulima wa chai upande wa Sotik, kaunti ya Bomet. Tunaongea bei ya majani, mbolea, lori lililochelewa, bonasi. Tunao pia majirani Wakisii kutoka Borabu, ng'ambo ya mpaka. Wenyeji mnakumbuka mpaka huo mapema mwaka 2008, nyumba zilipochomwa. Ndiyo maana sheria yetu ya kwanza ni heshima: hakuna kutukana kabila la mtu.

Kuandika sheria hiyo kulichukua dakika mbili. Kuitekeleza ndiko kulikonishinda.

Nilifikiri kompyuta itanisaidia. Nikachukua mazungumzo ya miezi sita, nikaandika kijiprogramu cha kusaka maneno mabaya. Mojawapo lilikuwa "madoadoa", ambalo tume ya NCIC iliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022, kwa kuwa katika Bonde la Ufa limetumika kuwaita watu wa makabila mengine. Kijiprogramu kikalipata mara kadhaa. Kufungua, naona mtu anauza ng'ombe wa madoadoa, mwingine anauliza dawa ya madoadoa kwenye majani. Hakuna tusi hata moja!

Tusi lenyewe lilikipita hivi hivi: "Wageni wakumbuke walikuja kwa njia gani." Kila neno hapo ni safi. Lakini aliyeishi hapa mwaka 2008 anajua maana yake. Na aliyeliandika ni mjomba wangu.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimemtoa kijana mmoja kwa kumwita mwenzake mwizi wa mbolea. Kwa mjomba nikanyamaza. Siku mbili baadaye majirani watatu wa Borabu wakatoka kundini bila kusema neno.

Tatizo hili si geni kwetu. Januari 2008, David Kobia alifunga uwanja wa majadiliano wa Mashada, uliokuwa na Wakenya wengi, kwa sababu chuki ilikuwa imezidi uwezo wa kuizuia. Simlaumu. Lakini ukishafika hapo, waliokuwa wakiongea kwa adabu nao wanakosa mahali pa kuongea.

Wengine husema kazi hii ni ya serikali. Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi, Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC zilitoa mwongozo ulioweka jukumu hilo mabegani mwa admini. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikuwa imefuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotumiwa kuwakamata watu kwa waliyoandika mtandaoni, kwa sababu maneno yake hayakuwa wazi. Nami nimejifunza hapo: sheria isiyo wazi humwangukia asiye na mtu wa kumtetea. Kwetu ilimwangukia yule kijana.

Sasa tuna hatua tatu. Kwanza nafuta ujumbe, jambo ambalo WhatsApp inamruhusu admini tangu 2022, kisha nampigia mwenyewe simu faraghani. Akirudia, anakaa nje wiki mbili. Mara ya tatu, wasimamizi watatu wanaamua pamoja, na mmoja wao ni wa Borabu.

Nilianza nyumbani kwa mjomba. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo. Nimefuta maneno yako, na nimekuja kukueleza kwa nini." Alinuna mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Basi mrudishe na yule kijana."

Nilimrudisha. Kati ya wale majirani watatu, mmoja amerudi. Wawili bado, na sina programu ya kuwarudisha.