Nyumba Yetu: Kabati Chini ya Beseni

Katika nyumba nyingi za mbao huko Masisi, na hata Walikale penye msitu, maji hayaji kwa bomba. Beseni la kunawia huwekwa juu ya meza, na chini yake hurundikwa yote: ndoo ya maji machafu, sabuni, brashi, na chupa ya limonadi iliyotiwa klorini. Dawa hiyo hatuwezi kuiacha. Kipindupindu hakijatutoka, na mwezi wa Agosti 2019 Ebola ilifika hata Pinga.

Basi, twashauri kabati dogo. Seremala akate tundu la beseni, na ndoo ya kupokea maji ikae chini yake. Wengi hutia humo ubao mmoja mzima, kisha ndoo haiingii tena! Ubao huo ukatwe mfano wa herufi U, uizunguke ndoo pande tatu. Hapo patakaa sabuni na vitambaa. Mgongo wa kabati uachwe wazi ili upepo upite, maana katika baridi ya Masisi mbao hazikauki upesi, na mkaratusi mbichi hupinda. Miguu isimame juu ya mawe.

Na klorini, je, pamoja na soda kostiki ya kupikia sabuni? Hizo hazina nafasi humo, hata kwa komeo. Mtoto wa miaka mitatu hulifungua. Ziwekwe katika kisanduku ukutani, juu kuliko kichwa cha baba, wala zisitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akizinywa, asitapishwe. Apelekwe mbio kituo cha afya, na chupa ichukuliwe pamoja naye.