Tumeitupa Mandari, Tumebaki na Mandhari

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja ya Julai, nilikaa kwenye jiwe kando ya mto pale Mlali nikiandika makala ya safari. Mbele yangu kulikuwa na kundi la kama watu ishirini: vijana wa kwaya, kina mama wawili watatu, watoto wasiohesabika. Walikuja na sufuria mbili, mkeka na redio ndogo. Wavulana walikuwa wanajirusha kwenye kidimbwi, wanatoka wakitetemeka, wanarudi tena. Mama mmoja akaniuliza, “Mwanangu, unaandika nini muda wote huo?” Nikamjibu, “Naandika mandhari ya huku, mama.” Akacheka. “Basi usisahau kuandika tulichokula.”

Nilisahau. Makala ilitoka na “milima ya kijani kibichi”, “maji maangavu” na “hewa safi inayoburudisha nafsi”. Neno mandhari nimelihesabu juzi: mara sita. Wale watu ishirini hawamo. Mhariri hakuwaondoa, sikuwaweka. Kwa hiyo ninayemshambulia hapa ni mimi kwanza, ndipo nyie wenzangu mnaoandika safari kwa Kiswahili.

Tuna maneno mawili ambayo sikio la haraka huyachanganya. Mandhari ni kile jicho linachokiona: mlima, bonde, bwawa, jua likizama. Mandari ni matembezi ya kundi la watu wanaotoka pamoja kwenda kustarehe nje, aghalabu na chakula chao. Yanaonekana kabisa kuwa ndugu, lakini Kiswahili kimeyapa kazi tofauti, moja la kutazamwa na jingine la kutendwa. La kwanza limejaa kwenye makala zetu kama mchanga mtoni. La pili sijalikuta gazetini siku nyingi, na nikilitumia watu wanadhani nimekosea tahajia. Nadai kwamba kupotea kwake kuna gharama, na wanaoilipa ni watu kama wale wa Mlali.

Kwa asiyepajua: ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa unapita Bwawa la Mindu, baadaye unakunja kuelekea Mzumbe, kisha unafika Mlali, miguuni mwa Uluguru, kabla barabara haijaanza kupanda kwenda Mgeta. Fuso za kabichi na karoti zinashuka, bodaboda zinapanda. Huku chini watu wanalima nyanya, na nyanya zinataka maji ya mto. Maji hayohayo yanateremka mpaka Mindu, bwawa lililojengwa miaka ya 1980 kwenye Mto Ngerengere, ambalo ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Manispaa ya Morogoro. Yaani kidimbwi cha wale wavulana kipo njiani kuelekea bomba la mtu wa mjini.

Sasa soma tunavyopaandika. Kwanza majira. Kila Juni tunatangaziwa “majira ya joto” ya kufurahia milimani, kwa sababu mgeni wa Ulaya yuko likizo na kwao ni joto. Jamani, Julai Mgeta watu wanavaa masweta! Tuna kipupwe, kiangazi, vuli na masika. Tumeyaacha yote tukaazima majira ya mtu mwingine pamoja na likizo yake. Pili, watu. Wakitokea kwenye makala basi ni “wenyeji wakarimu”, wamesimama pembeni wakitabasamu kama maua ya hotelini. Tatu, lile hitimisho letu tunalolipenda mno: eti Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii, lazima tuhamasishwe.

Hatuna utamaduni? Lugha yenyewe inatukanusha. Mtu anatoka kwenda kupunga upepo. Anabarizi. Anafanya matembezi, anakwenda mandari. Lugha haitunzi maneno mengi kwa jambo ambalo watu wake hawalijui. Ila mwanakwaya aliyebeba sufuria kutoka nyumbani hakukata tiketi wala hakulala hotelini. Hahesabiki popote, nasi tumeifuata hesabu hiyo kana kwamba ndiyo ukweli.

Jicho hili la mandhari tumelirithi. Wajerumani walipanda milima yetu kutafuta ubaridi. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, na hapa juu ya mji wa Morogoro nyumba yao ya Morningside bado inaonyeshwa kwa wageni. Aliyekaa barazani kule aliiona Uluguru ikiwa picha. Mluguru aliyekuwa ndani ya picha aliiona kwa jembe. Waingereza walipokuja na mpango wao wa kulazimisha matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, mwaka 1955 Waluguru waligoma na kukawa na vurugu. Miteremko ni ileile. Mmoja aliitazama, mwingine aliamriwa kuichimba. Makala ya leo inayosifu miteremko bila kutaja mkono uliokaa juu yake inaandikwa kutoka kwenye baraza lilelile, hata kama mwandishi ni mtoto wa Kihonda.

Na tusisingizie kwamba Kiswahili hakina mfano mwingine. Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kutolewa mwaka 1901, kimo habari za Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Msomeni. Mwafrika wa pwani anaingia kwenye theluji, na kinachomshughulisha ni watu: wanasafirije, wanakula nini, wanaishije. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, sisi wenye simu za kamera tunafika Mlali, mwendo mfupi kutoka mjini, tunaona miti.

Najua jibu la wakali wa mazingira, na sitalidharau maana mimi pia nakunywa maji hayo. Wataniuliza: unataka watu waoge na kupikia kwenye chanzo cha maji? Mindu inajaa tope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na misitu ya juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Ni kweli, na maji yalindwe. Hapo hasa ndipo maneno yetu yanapouma. Mtu asiyeandikwa kwenye burudani ataandikwa siku moja tu, siku ya operesheni, na jina lake litakuwa “mvamizi” au “mchafuzi”. Mtoto anayeogelea hatakuwa mtoto aliyekosa mahali salama pa kuogelea. Atakuwa tishio kwa bwawa. Akishaitwa tishio, hakuna atakayeuliza swali rahisi: basi aogelee wapi?

Maana watu wataendelea kwenda mtoni. Joto la Januari litawapeleka, Krismasi na Idi zitawapeleka. Ukiwafukuza hapa watakwenda pale penye kina na utelezi, pasipo na mtu mzima. Tofauti kati ya uwanja wa kupumzikia wenye choo, pipa la taka na sehemu ya maji iliyopimwa kina, na kingo isiyo na chochote, inaanza na mtu kukubali kwamba wale watu wapo na wana haki ya Jumapili yao. Mpango wa matumizi ya ardhi unatenga shamba, makazi, hifadhi. Nani ameudai utenge mandari? Hawezi kuudai mtu ambaye neno lenyewe limemtoka kinywani.

Ndiyo maana nasema kazi hii inatuhusu sisi watu wa kalamu kabla ya wahandisi. Sitaki tuache kusifu milima. Uluguru ikifunguka asubuhi baada ya ukungu, asiyeguswa ana lake jambo. Nataka kila anayeandika safari ajilazimishe kitu kimoja: aeleze nani mwingine alikuwepo akistarehe, alifikaje, alikula nini, alilipa nini, na nani alimzuia kufika. Kama hakuona mtu, aseme kwa nini hapakuwa na mtu. Wahariri nao warudishe makala zenye mandhari sita na binadamu sifuri. Yangu ilistahili kurudishwa.

Basi nilipe deni. Mama, mlikula wali na maharage, na mchicha wa nazi uliokuja kwenye hotipoti yenye mfuniko uliopasuka. Kulikuwa na nyanya mbichi zilizokatwa na pilipili. Wavulana walikula mara mbili wakiwa bado wanatetemeka. Mlinipa sahani na mimi, nikala, kisha nikaenda kuandika kwamba mahali pale palikuwa tulivu.