Uzembe wa Dereva, au Uzembe wa Aliyempa Leseni?

Kila ajali kubwa inapotokea katika nchi hii, kabla majeruhi hawajafikishwa hospitalini, sababu yake huwa imekwisha patikana: "Chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva." Kauli hiyo hutamkwa mbele ya waandishi wa habari, huchapwa magazetini kesho yake, na shauri huwa limefungwa. Dereva akiwa amefariki, hana wa kumjibia. Akiwa hai, mara nyingi amekwisha kimbia. Nasi tuliobaki tunarejea kwenye shughuli zetu, tukiwa tumeridhika kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja mwenye tabia mbaya.

Ninaipinga kauli hiyo. Siipingi kwa kuwa madereva wetu ni malaika. Aliyewahi kusafiri kwa basi la mikoani hawezi kusema hivyo bila kucheka. Ninaipinga kwa sababu neno uzembe lina maana yake katika lugha yetu. Mzembe ni mtu anayejua la kufanya, mwenye uwezo wa kulifanya, akaliacha kwa kutojali. Asiyejua haitwi mzembe. Huyo ni mjinga, na ujinga, kama tulivyofundishwa tangu Uhuru, ni mmoja wa maadui watatu wa taifa, pamoja na umaskini na maradhi. Adui wa taifa hapigwi vita na kamanda mmoja wa polisi aliyesimama kando ya gari lililopinduka. Kwa hiyo, kabla hatujamwita dereva mzembe, tuulize nani alimfundisha, alimfundisha nini, na nani alitia saini kwamba amefundishika.

Mahali pazuri pa kuuliza swali hili ni Ngara.

Barabara itokayo Isaka hupita Kahama, ikafika Nyakanazi, ikaingia misitu ya Biharamulo kupitia Lusahunga, kisha ikapanda na kushuka vilima hadi Benaco. Hapo hugawanyika. Tawi moja huteremka Rusumo, kwenye daraja la Mto Kagera, na kuingia Rwanda. Tawi jingine huelekea Ngara mjini na Kabanga, likavuka mpaka kwenda Burundi. Kwa matawi hayo mawili hupita mafuta, saruji, ngano na mitumba ya nchi mbili zisizo na bahari. Na kwa matawi hayo hayo hupita mtoto wa shule, mama mwenye kuni, na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi.

Sasa zingatia jambo moja ambalo msomaji wa Dar es Salaam huenda hajawahi kulifikiria. Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Nchi hizi tatu, mpaka Vita Kuu ya Kwanza, zilikuwa koloni moja la Wajerumani; baada ya vita Mwingereza akachukua huku, Mbelgiji akachukua kule, na kila mmoja akatuachia desturi yake ya barabarani. Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo iliyokuwa chini ya ufalme wa Burundi, ikaangukia upande wa Mwingereza. Ndiyo maana Mhangaza na Mrundi huelewana bila mkalimani, lakini wakikutana barabarani, kila mmoja kwenye usukani wake, kila mmoja ana haki ya kuamini kwamba mwenzake yuko upande usio wake.

Lukole iko katika nchi hiyo ya njia panda. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, mara baada ya mauaji ya Burundi na ya Rwanda, hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Kirundi waliishi pale. Kuna wakati walizidi laki moja. Malori ya chakula na magari ya mashirika yalikuwa yakiingia na kutoka mchana kutwa. Mfikirie mtoto aliyezaliwa katika kambi hiyo, akajifunza kuvuka barabara kwa kanuni tunayowakaririsha watoto wote wa Tanzania: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Akiwa na miaka kumi na mitatu anapandishwa lori la kurejea kwao. Anashuka ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo gari la kwanza kumfikia hutokea kushoto. Kanuni aliyoishika kwa moyo ndiyo itakayomfanya atazame upande usio na hatari huku hatari ikimjia kisogoni.

Je, mtoto huyo akigongwa, tuandike "uzembe wa mtembea kwa miguu"? Alikuwa mtiifu. Kilichokosekana ni sentensi moja tu ya sababu: tazama kwanza kule ambako magari ya upande wako wa barabara yanatokea. Sentensi hiyo inafaa Ngara, inafaa Muyinga, inafaa Kigali, inafaa popote duniani. Sisi tuliona tabu kueleza sababu, tukatoa amri.

Hicho ndicho kiini cha ugomvi wangu na elimu yetu yote ya barabarani. Tunafundisha amri, hatufundishi sababu. Mwanafunzi wa udereva hukaririshwa kibao chenye duara jekundu, kibao cha pembetatu, mstari uliokatika na mstari mzima. Akiulizwa mstari mzima maana yake nini, anajibu vizuri: usilipite gari lililo mbele yako. Akiulizwa kwa nini mstari huo umechorwa hapa na haukuchorwa mita mia mbili nyuma, anamtazama mwalimu wake, na mwalimu anatazama saa.

Sheria yenyewe haina ubishi juu ya hatua za msingi. Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, inamtaka anayeanza awe na leseni ya kujifunzia, kisha apimwe uwezo wake kabla ya kupewa leseni kamili ya daraja la gari analokusudia kuendesha. Ni utaratibu mzuri kwenye karatasi. Katika maisha, kila msomaji wa ukurasa huu anamjua angalau mtu mmoja aliyepata leseni kabla hajajua kurudisha gari nyuma. Sitaki kusikia kwamba hizo ni tetesi. Tusidanganyane, wenzangu. Karatasi ile imekuwa bidhaa, na yenye bei, na anayeinunua huambiwa mzembe siku ile tu anapoua.

Wako madereva wanaojifunza kweli, tena kwa miaka. Hao ni utingo wa malori. Utingo hukaa kushoto kwa dereva, huosha gari, hubadilisha matairi, hulala chini ya tela, na usiku dereva akichoka hupokezwa usukani. Chuo chake ni kiti cha abiria. Ninamheshimu sana mtu huyu, na kwa sababu ninamheshimu nitasema wazi kwamba tunamtumia kama kiraka cha kuzibia elimu tusiyoitoa.

Usukani wa magari yetu uko kulia kwa sababu sisi tunashika kushoto: dereva anakaa karibu na katikati ya barabara, hivyo akitaka kulipita lori la mbele, anachungulia kidogo tu na kuona kama njia ni nyeupe. Lori hilo hilo likivuka Rusumo, linashika kulia, na dereva sasa amekaa ukingoni mwa barabara. Ili aone mbele ya lori lililomtangulia, lazima kichwa kizima cha gari lake kitoke upande wa wanaokuja. Anaona akiwa amekwisha ingia hatarini. Hapo ndipo utingo anapogeuka kuwa jicho: yeye, aliye upande wa katikati, ndiye anayesema "bado" au "twende". Dereva wa Burundi mwenye usukani kushoto anapoingia kwetu anakumbwa na upofu huo huo. Tena Burundi kuna magari mengi ya Kijapani yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam yakiwa na usukani kulia; wenye magari hayo huishi na upofu huo kila siku ndani ya nchi yao wenyewe.

Hili linafundishwa wapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki imeandaa mtaala wa pamoja wa madereva wa malori makubwa, na hilo ni jema. Lakini mwenye Noah ya abiria, mwenye gari dogo, mwenye bodaboda anayepeleka mteja mpakani, wao mtaala huo hauwahusu. Jumuiya hiyo hiyo ina sheria ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, na inayoweka ukomo wa tani 56. Mizani zimejengwa, na lori likizidi uzito hutozwa faini. Tunajali sana lami isibonyee. Kichwa cha anayeliendesha lori hilo hakipimwi kwa bidii hiyo.

Tuje kwenye miteremko. Wilaya ya Ngara ni ya vilima, na karibu kila safari humalizikia kwenye mteremko wa bonde fulani. Dereva mwenye kubana mafuta huchomoa gia na kuliacha gari liserereke. Amewaona wakubwa zake wakifanya hivyo, na tajiri wake hupima lita. Hakuna aliyemweleza kwamba injini iliyo kwenye gia nzito inalizuia gari kama mkono unavyozuia toroli, na kwamba akiichomoa, kazi yote inahamia kwenye breki. Kwamba breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Kwamba breki za upepo zikikanyagwa na kuachiwa mfululizo humaliza upepo kwenye tangi haraka kuliko injini inavyoujaza. Lori lake likifika bondeni bila breki, taarifa itasema breki zilikatika, au itasema uzembe. Huyo alihitaji somo la nusu saa la fizikia ya kidato cha pili, kwa Kiswahili, na mtu wa kukaa naye kwenye mteremko.

Au tuchukue mwendo. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari ya abiria na malori makubwa. Tarakimu hizi kila dereva anazijua. Ni wangapi wanajua kwamba kwa mwendo wa 50 gari hukimbia karibu mita 14 katika sekunde moja, na kwa 80 mita 22? Sekunde hiyo moja ndiyo inayopotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Na kutoka 50 hadi 80, umbali wa kusimamisha gari baada ya breki kushika hauongezeki kwa zaidi ya nusu tu kama akili inavyotegemea. Unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mtoto aliyeingia barabarani mita 30 mbele ya gari, kwenye lami kavu, ana nafasi ya kuokoka kwa mwendo wa kwanza. Kwa mwendo wa pili hana.

Nitajibiwa kwamba madereva wanajua sana ila ni wakaidi. Basi tazama wanavyowashiana taa. Dereva akiona tochi ya trafiki, huwaashiria wanaokuja kwa taa, nao hupunguza mwendo, wakampita askari kwa adabu kama waumini wanaopita msikitini, kisha hukanyaga mafuta. Watu husema huu ni ukaidi. Mimi naona ni zao halisi la mafunzo yetu. Dereva huyu amefundishwa kwamba mwenye kanuni ni askari. Kibao cha 50 kwake kinamaanisha "hapa kuna faini", hakimaanishi "hapa kuna shule". Ndiyo maana kibao kikiwa hakina askari, hakina maana yoyote.

Jibu la pili nitakalopewa ni la umaskini: kijana wa Rulenge atapata wapi ada ya chuo cha udereva? Ni hoja nzito, na siidharau. Tangu pikipiki ziruhusiwe rasmi kubeba abiria, mwaka 2010, vijana wengi wamejifunza kuendesha jioni moja kwenye uwanja wa mpira, asubuhi wakabeba mama mjamzito. Lakini taifa linalipa ada hiyo vyovyote iwavyo. Linailipa wodi ya mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba jumla ya wanaokufa kwa mwaka ni takriban milioni 1.19. Hiyo ndiyo rika ya wanafunzi wangu.

Mwaka 1967 Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia katika usiku mmoja, tarehe 3 Septemba. Wengi walitarajia maafa. Ajali zilipungua kwa muda, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imefundishwa kwa miaka na kila dereva alikuwa anafikiri anachofanya. Wao walihama usiku ule mmoja. Dereva wa Benaco huhama kila wiki, pengine mara mbili, usiku, amechoka. Naye maandalizi yake ni kibao kimoja mpakani. Hata jina tulilolipa mzunguko wa barabara, kipilefti, ni amri ya Mwingereza ya kushika kushoto iliyogeuka kuwa nomino. Ukivuka daraja, kipilefti kinazungukwa kwa kulia, na jina lenyewe linakuwa uongo.

Ninachokitaka hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Vyuo vya VETA vya kanda hii vifundishe uendeshaji wa pande zote mbili, kwa kila daraja la leseni. Utingo mwenye miaka mitatu barabarani apewe njia ya kupimwa na kurasimishwa kwa ada anayoiweza. Waendesha bodaboda wa Ngara na Biharamulo wafuatwe vijiweni kwao, siku za mvua ambapo wateja ni wachache. Na mtihani wa vitendo usifanyike kwenye uwanja tambarare wenye koni nne. Ufanyike kwenye mteremko wa kwenda Rusumo, mtahini akiwa ameketi pembeni, na katikati ya mteremko amuulize mwanafunzi yuko kwenye gia ya ngapi na kwa nini. Asiyeweza kueleza, arudi darasani. Na jina la mtahini aliyempitisha mwenye kuweza liandikwe kwenye leseni hiyo, herufi kubwa, ili siku ya taarifa kwa waandishi wa habari tujue majina mawili badala ya moja.