Kabla vipanya havijaishia kwenye vyuma chakavu

Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya mwaka 1971 kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Leo mtu wa Osaka au wa Manchester anaweza kuinunua Datsun ile ikiwa vipande vipande ndani ya boksi la Hasegawa, kampuni ya Kijapani, akaiunganisha mezani kwake kwa skeli ya 1:24, akaifunga taa za ziada, kisha akaipaka tope. Tope la kwetu. Hapo ndipo huwa nacheka peke yangu, maana wengi wao hulipaka kama chokoleti: rangi moja, nzito, kuanzia kwenye rimu hadi kwenye paa.

Gari lililotoka kwenye tope halikai hivyo. Ndani ya madigadi tope ni bichi na jeusi. Pembeni ya milango limeshakauka na kuanza kumeguka. Juu yake kuna vumbi la barabara kavu iliyofuata, na kwenye kioo cha mbele kuna pinde mbili safi zilizochorwa na wipa. Mgongoni vumbi huwa zito kuliko mbele, kwa sababu upepo hujikunja nyuma ya gari na kulirudishia vumbi lake lenyewe. Haya hayaandikwi kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi. Anayajua aliyewahi kushuka kusukuma.

Siwalaumu Wajapani. Wao waliipenda Safari kuliko sisi wenyewe, hata mwaka 1969 wakaitolea filamu, Safari 5000, aliyoicheza nyota wao Yujiro Ishihara. Sisi hapa Dar es Salaam tulikuwa na Bert Shankland, dereva aliyeshinda mbio hizo mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Nikiwatajia jina hilo vijana wa ofisini kwetu, wanadhani alikuwa beki wa Liverpool.

Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Kabla ya hapo nilikuwa konda wa kipanya, ile daladala ndogo ya Toyota Hiace, njia ya Temeke kwenda Kariakoo. Usiku, watoto wakishalala, naunda vigari. Siyo vya kuchezea, na wala havitembei. Ni magari ya mfano: unanunua boksi au unakata plastiki mwenyewe, unaunganisha, unapaka rangi, kisha unatia yale mambo madogo madogo yanayolifanya gari lionekane limeishi. Shemeji yangu aliwahi kusimama mlangoni akanitazama kwa muda mrefu.

“Shemeji, hicho ukimaliza unampa nani?”

“Simpi mtu.”

“Sasa?”

Swali lake ni la haki, na makala hii ndiyo jibu ambalo siku ile sikuwa nalo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu hudhani ni gundi na uvumilivu tu. Ugumu mkubwa ni unene. Rangi ya gari la kweli, tabaka zote kwa pamoja, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukiupiga unene huohuo kwenye kigari cha 1:24, ni sawa na kulipaka gari kubwa rangi ya zaidi ya milimita mbili. Mistari ya milango inaziba, vitasa vinavimba, maandishi ya TOYOTA yanamezwa, na kigari kinakuwa kama kimechovywa kwenye uji. Kwa hiyo rangi hupigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka unapitisha msasa laini wenye maji. Mafundi wa gereji wananichanganyia rangi vizuri kuliko kopo lolote la kuagiza, ila thina yao ni kali na inakula plastiki. Dawa yake ni praima kwanza, halafu rangi ipulizwe kwa mbali ifike ikiwa nusu kavu.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Punje ya mchanga ya milimita moja, kwenye skeli hiyo, ni jiwe la sentimita mbili na nusu. Ukichota udongo nje na kuumwaga juu ya kigari, hujatia vumbi, umekipiga mawe. Mimi huusaga udongo kwenye kinu kidogo cha hiliki (mama watoto alishanunua kingine), nauchekecha kwa kipande cha soksi ya nailoni, kisha naubandika kwa brashi kavu. Na udongo uwe wa mahali pake. Kipanya cha Mbagala ukikipaka udongo mwekundu wa Karatu umesema uongo, hata kama milango yote inafunguka na injini ina nyaya zake.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wachache wa kazi hii. Nikienda kwao naona Ferrari, Porsche, Nissan Skyline, zinang’aa kama zimetoka kiwandani jana. Kazi ni safi, siwezi kuipinga. Lakini mtu wa Tabata anayeunda Ferrari anakopa kumbukumbu ya mtu mwingine. Hajawahi kuifungua mlango, hajui siti yake inanukaje, na kila jambo dogo analolitia amelinakili kwenye picha. Kwa nini asiunde gari ambalo mwili wake unalijua?

Kampuni ya Aoshima, nayo ya Japani, inauza Toyota Hiace za 1:24 za kila namna. Ukishaiunganisha ina urefu wa sentimita kumi na tisa na nusu hivi, na kwa bahati nzuri usukani wake uko kulia kama wa kwetu, kwa hiyo hakuna kuhangaika kuhamisha dashibodi kama ilivyo kwa boksi nyingi za Marekani. Nyingi ya hizo ni za toleo lililoanza 2004, lenye pua fupi iliyolala. Vipanya tulivyovifanyia kazi vilikuwa vya kabla ya hapo, kwa hiyo bodi nilikata mwenyewe kwa plastiki bapa na kuazima magurudumu tu. Bodi ya kipanya si ngumu. Ni sanduku lenye madirisha. Ugumu ni kukumbuka.

Mlango wa kuburuza uko kushoto. Kwenye ukingo wa paa, juu kidogo ya mlango huo, rangi imeliwa mpaka bati likaonekana, na pembeni yake pana makovu madogo yaliyokusanyika kama nukta. Hapo ndipo konda hugonga kwa sarafu kumwambia dereva asimame au aondoke. Chini, ngazi imelika katikati na kung’aa kwa viatu. Reli ya mlango ina grisi iliyoshika mchanga, na nyuma ya reli kuna mchirizi mweusi unaoshuka. Kutu ya Dar es Salaam haianzii juu kama watu wanavyopenda kuichora. Inaanzia chini ya milango na kwenye kingo za madigadi, mahali maji na chumvi hukaa, na kabla ya kutoboa huinua rangi kama malengelenge. Injini iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo zulia la hapo hukauka na kukunjamana kwa joto kabla ya mazulia mengine. Kuna kigoda cha mbao kwa abiria wa ziada. Kuna mstari wa rangi ya njia ubavuni, umepigwa kwa brashi, na ukitazama kwa karibu utaona mahali fundi alipoinua mkono. Kioo cha nyuma kina maneno, na maneno hayo hayakuchapwa. Yaliandikwa na mtu mwenye mwandiko wake.

Mambo haya nimeyatia yote kwenye kipanya changu isipokuwa kelele. Dereva mmoja mstaafu nilipomwonyesha hakusifia rangi. Aliingiza kidole dirishani, akaonyesha kigoda, akasema, “Hiki kilikuwa upande wa pili.” Tukabishana mpaka chai ikapoa. Sijui Ferrari ipi ingeweza kuanzisha mabishano hayo Temeke.

Sasa nirudi kwa shemeji. Tangu mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, na hata kabla yake, wakati mabasi makubwa zaidi yalipoanza kuchukua njia, kipanya kimekuwa kikitoka taratibu kwenye barabara kuu za Dar es Salaam. Sikililii, kilitubana, kilichelewesha watu, na breki zake nazijua. Ila gari lililowapeleka kazini wauza samaki, wauguzi, walimu na makarani wa jiji zima kwa miaka mingi linaondoka bila kupimwa. Kabla yake ziliondoka zile pikapu za mabenchi tulizoziita chai maharage, na leo ukimwuliza kijana zilikuwaje anakutazama tu. Picha zipo chache, nyingi za mbele, watu wamesimama wakiziba kila kitu ambacho mimi nataka kukiona.

Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yana magari, na ni vizuri yawepo: ni yale yaliyowabeba wakubwa, likiwemo Rolls-Royce. Sijaona humo gari lililotubeba sisi wengine. Naelewa kwamba Hiace nzima inakula nafasi na inaoza. Kigari cha sentimita ishirini hakili nafasi wala hakiozi. Kabati moja la kioo linatosha kwa chai maharage, kipanya, Coaster yenye keria iliyosheheni mikungu ya ndizi, na basi la mkoani la Leyland lenye ngazi mgongoni, kila kimoja na maelezo ya njia yake na nauli yake. Wanafunzi wangesimama hapo kwa muda mrefu kuliko wanavyosimama kwenye Rolls-Royce, nina hakika.

Mtu atasema hatuna viwanda vya kutengeneza vitu hivi. Kampuni ya Tamiya, ambayo leo kila muunda vigari duniani anaijua, ilianza mwaka 1946 kule Shizuoka kama biashara ya kupasua mbao, ikatengeneza vitu vya mfano vya mbao kwanza, plastiki ikaja baadaye. Mji huo ndio makao ya Tamiya, Aoshima na Fujimi, na Hasegawa iko jirani tu, Yaizu. Mbao za Keko tunazo. Mafundi wa Keko wanaochonga ua la waridi kwenye ubao wa kitanda hawashindwi kuchonga paa la kipanya. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaagiza wachonge, na mtu wa kuwapa vipimo sahihi.

Wala tusiseme vijana hawana mikono. Mtoto anayekunja waya, akakata magurudumu kwenye ndala zilizochakaa, akafunga usukani mrefu unaogeuza tairi za mbele kweli, ameshamaliza nusu ya somo la uhandisi kabla ya kufika darasa la tano. Nimemwona mmoja Chang’ombe aliyefunga hadi kioo cha pembeni kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Walimu wetu wengi huviona vigari hivyo kama uchafu wa kutupa kabla ya kengele. Vipewe meza kwenye maonyesho ya shule, na mtoto aulizwe: hili ni gari gani, la njia gani, na mlango wake unafunguka upande upi? Mwenye kujibu vizuri apewe alama.

Gharama ipo, sitaficha. Boksi moja la Kijapani likishafika hapa limeongezewa usafiri na ushuru mpaka linalingana na kiatu kizuri cha ngozi. Ndiyo maana nasema tusianzie kwenye boksi. Plastiki bapa ya mabango, msasa, wembe, rula ya chuma na rangi iliyobaki gereji vinatosha kuanzia, na makosa yake ni ya bei nafuu. Anayetaka Datsun ya 1971 aagize baadaye, akiwa ameshajifunza kutia vumbi.

Ombi langu ni kwa wenye magari. Kama nyuma ya nyumba yenu kuna kipanya kimekaa juu ya matofali kikisubiri wanunuzi wa vyuma chakavu, msikiuze kabla ya kukipima. Chukueni futi kamba. Pimeni urefu, upana na kimo, kisha mlango, kila dirisha, na umbali kati ya siti na siti. Pigeni picha pande zote nne, ndani, na chini ya madigadi. Mkikuta rangi ya mstari wa njia, kwangueni kipande kidogo mkitunze kwenye bahasha. Andikeni kilifanya kazi njia gani na miaka ipi, na kigoda kilikaa upande gani. Halafu kiuzeni.