Wapagazi wa Mahiwa

Sisi wanafunzi twapenda kutaja majemadari. Tukiulizwa habari za Oktoba 1917, hujibu upesi: von Lettow-Vorbeck alipigana na Waingereza huko Mahiwa, karibu na Lindi, tangu tarehe 15 hata 18. Jibu ni sahihi, lakini si kamili.

Waliopigana pale wengi walikuwa Waafrika: askari wa Wajerumani upande mmoja, Wanaijeria na askari wa K.A.R. upande wa pili. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Waingereza walizidi 2,000. Wajerumani walishinda, lakini hawakuweza kuziba pengo la watu wala la risasi. Novemba wakavuka mto Ruvuma.

Je, chakula na risasi vilibebwa na nani? Na wapagazi, wengi wakichukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa katika vita hivyo, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi chao, nasi twapita pale kununua viatu bila kujua.

Mimi naona haifai. Mwenye mzee nyumbani aliyesimuliwa habari hizo na aziandike kabla hazijapotea. Jemadari ana vitabu vyake. Mpagazi anatutegemea sisi.