Alama za Mtu Mmoja, Kazi ya Wengi

Kijana atokaye Igogwe, wilayani Rungwe, kwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa programu za kompyuta, huchaguliwa kwa alama zake za mitihani. Katika miaka yote ya shule alifanya mtihani peke yake. Kumnong'oneza mwenzake kulihesabiwa kuwa ni wizi. Afikapo chuoni huwekwa katika kundi na kuamriwa kutunga programu pamoja na wengine. Ni nani aliyemfundisha kazi hiyo?

Matokeo yake yanajulikana. Hodari mmoja hukesha, wengine huandika majina yao, na alama hugawanywa sawasawa. Hodari hujifunza dharau. Mvivu hujifunza unyonyaji. Huo si ushirikiano hata kidogo.

Ieleweke kwamba programu kubwa haitungwi na mtu mmoja. Mwaka 1971 Gerald Weinberg wa Marekani alionya kuwa mtungaji anayeiona programu kuwa ni nafsi yake hukataa kuonyeshwa makosa, nayo makosa hubaki humo. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer walieleza uwezo wa kutambua na kuongoza hisia, za mtu mwenyewe na za wenzake, wakauita akili ya hisia.

Rungwe haikuwangoja wataalamu hao. Wanyakyusa wa zamani waliishi katika vijiji vya marika, wakauthamini ukwangala: kukaa na wenzako kwa furaha, adabu na mazungumzo ya usawa. Monica Wilson aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951. Vijiji vile havitarudi, lakini somo lake halijachakaa.

Naye Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliilaumu mitihani isiyopima tabia wala moyo wa kutumikia. Lawama hiyo ingali hai.

Hapana budi, basi, vyuo vipime ushirikiano wenyewe. Kila mwanafunzi aeleze sehemu iliyotungwa na mwenzake; uongozi wa kundi uzunguke; ugomvi uzungumzwe mapema. Wako watakaodai kuwa hisia hazipimiki. Lakini awezaye kuieleza kazi ya mwenzake amemsikiliza, na hilo lapimika. Walimu wa shule nao waanze mapema, tangu darasani.

Wawili wasiosemezana hutunga sehemu mbili zisizoshikana. Programu yao ikifika hospitalini, muuguzi hatajua ni nani aligombana na nani. Atakachokiona ni kwamba jina la mgonjwa aliyesimama mbele yake halipatikani.