Makubadhi ya Tandika, bei ya dola ya nini?

Oktoba 2024 mimi na wenzangu wawili tulifungua duka la mtandaoni la makubadhi ya ngozi. Fundi wetu yuko Tandika, mtaji ulitoka kwenye boom, na programu tuliyotumia ni WooCommerce. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua sarafu. Tukachagua dola. Sababu? Tuonekane wa kimataifa. Basi, sababu nyingine haikuwepo.

Kwa kuwa wateja wetu walikuwa wanachuo, tukaongeza kiprogramu cha kugeuza dola kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Jozi moja tuliipa dola 11. Dola ilikuwa inacheza kwenye 2,700, kwa hiyo mteja aliona 29,700. Gharama yetu, fundi na mfuko wa kufungia pamoja, ilikuwa 27,000. Faida 2,700, si haba kwa mtu anayekula kantini.

Ikafika Desemba. Shilingi ikapanda thamani, dola ikashuka hadi karibu na 2,400. Gazetini ilikuwa habari njema. Dukani kwetu bei ilishuka yenyewe usiku, bila kumwuliza mtu, ikawa 26,400. Fundi wa Tandika yeye hajui habari za dola, anataka hela yake ileile. Kila jozi tuliyouza ikatutoa shilingi 600, na tulikuwa tunashangilia oda zimeongezeka!

Kuirekebisha nako tulikosea. Nilidhani nikibadili sarafu ya duka kutoka dola kwenda shilingi, programu itapiga hesabu. Haipigi. Inabadilisha alama tu, namba inabaki vilevile. Dola 11 ikawa shilingi 11. Kabla hatujashtuka, jamaa mmoja wa hosteli alishaagiza jozi tatu kwa shilingi 33, na akalipa. Tukamrudishia hela yake kwa aibu. Kumbe ulitakiwa kuandika upya bei ya kila bidhaa kwa mkono, duka likiwa limefungwa.

Ndiyo maana nawaambia wanachuo wenzangu mnaofungua maduka haya: sarafu ya duka ifuate mahali gharama zako zinapolipwa, isifuate sura unayotaka kuonyesha. Anayeagiza simu Guangzhou ana haki ya kuangalia dola kila asubuhi, maana mzigo wake unapanda na kushuka nayo. Sisi wa ngozi, mandazi, kuchapa fulana na kusuka nywele, dola inatuhusu nini? Tena tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza bei za bidhaa za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Sheria kando, hata hesabu yenyewe inakataa.

Wapo wanaosema ndugu zetu walioko Uingereza au Oman hawawezi kusoma shilingi. Sawa, waonyeshe makadirio kwa pauni au riali, lakini waandikie wazi, kabla ya kitufe cha kulipa, kwamba malipo yatakatwa kwa shilingi. Mtu akiona kiasi kimoja dukani kisha benki yake ikakata kingine, atakuita mwizi, na huna cha kumjibu. Na usiiache mashine iandike bei kama 29,683.47. Nani ana senti 47? WooCommerce ikiwa mpya inaweka tarakimu mbili baada ya nukta, weka sifuri. Mama mmoja alituuliza kwa ukali kama kweli kubadhi ni karibu milioni tatu, maana kwenye simu yake ndogo 29,700.00 ilionekana ni namba moja ndefu.

Siku hizi bei yetu ni 30,000, kwa shilingi, na haibadiliki mpaka sisi wenyewe tukae tukubaliane. Mwenzetu mmoja bado ananung'unika kuwa duka limekuwa la kishamba. Nimemwambia alete hesabu ya Desemba tuipitie pamoja. Mpaka leo hajaileta.